Aliyeandika Kutoka Ndani ya Nyumba

Jumamosi hiyo ya mwaka 2013 ilianza vizuri tu. Mvua ya usiku ilikuwa imekata, barabara za Kasulu zimebaki na tope jekundu, na wauza ndizi walishapanga mikungu yao kando ya soko. Reverien Habonimana, fundi wa simu na kompyuta, alifunga kibanda chake mapema, akajitwika kompyuta kuukuu begani na kushika njia ya nyumbani. Waliomfahamu walimtania kwamba anahamisha ofisi. Alicheka nao, akapita.

Mama yake, Esteri, alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo.

"Hiyo televisheni?" aliuliza.

"Kompyuta, mama. Ya kumtafutia Havya."

Mikono ya Esteri ilisimama juu ya maharage.

Havya, yaani Havyarimana, alikuwa mdogo wake Reverien, kitinda mimba wa Esteri. Familia yao ilitoka Burundi zamani, na mama na Reverien walishapata uraia wa Tanzania. Havyarimana yeye alioa msichana wa kambi ya wakimbizi ya Mtabila, akahamia huko kwa wakwe, jina lake likaandikwa pamoja na yao. Kambi ilipofungwa mwishoni mwa 2012, mabasi yaliwabeba wote kuwarudisha Burundi. Esteri alikwenda kusimama barabarani amuage. Mabasi yalikuwa mengi, vioo vimejaa ukungu, na hakujua mwanawe yumo katika lipi. Akapunga mkono kwa kila basi mpaka la mwisho. Tangu siku hiyo simu ya Havyarimana haikupatikana tena.

Reverien aliwajua wengi waliopoteana namna hiyo. Mmoja alipanda basi, mwingine akakimbilia porini, mtoto akashikwa mkono na mtu asiye wake. Ndipo akapata wazo la tovuti. Mtu atatuma picha ya ndugu yake kwa simu, Reverien ataiweka kwenye ukurasa wake, na chini ya picha patakuwa na nafasi ya yeyote kuandika ujumbe. Aliiita Uko Wapi.

Mafundi wenzake walimshauri akodi nafasi kwenye mashine za kampuni za mbali, kama wafanyavyo wengine. Hakutaka. Picha za watu waliopotea, alisema, zikae mahali anapoweza kunyoosha mkono akazigusa. Akaamua tovuti itaishi ndani ya kompyuta ile ile, nyumbani kwake, na anayeifungua kutoka Bujumbura au Dar es Salaam atakuwa amekuja mpaka Kasulu bila kujua.

"Iweke chumba cha Havya," Esteri alisema. "Kipate mtu."

Hicho kilikuwa chumba cha uani alicholala Havyarimana kabla hajaoa. Reverien akaweka meza, betri mbili za gari na inveta kwa ajili ya umeme wa Kasulu unaokwenda na kurudi upendavyo. Akavuta waya kutoka kwenye ruta, kile kisanduku kinacholeta intaneti ndani ya nyumba, kisha akakielekeza kwamba mgeni yeyote anayebisha kutoka nje apelekwe kwenye kompyuta ya chumba cha uani.

Esteri alisimama mlangoni akitazama taa ndogo ya kijani inayopepesa.

"Kwa hiyo umewafungulia mlango."

"Ndiyo, mama."

"Na usiku hufungi?"

"Haufungwi. Mtu anaweza kuja saa yoyote."

Mama alitikisa kichwa taratibu, akarudi kwenye maharage yake.

Picha ya kwanza ilikuwa ya Havyarimana. Shati jeupe, mkono mmoja kwenye usukani wa baiskeli, anacheka na mtu ambaye kamera haikumpata.

Kiangazi chote kile tovuti ilifanya kazi yake. Picha zilikuja kutoka Makamba, Nyarugusu, hata Kampala. Mzee mmoja wa Kitanga alimpata dada yake. Mume na mke waliopoteana siku ya mabasi walikutana Kibondo, wakampigia Reverien simu wakiwa wanalia wote wawili. Kila alasiri Reverien alipotoka kazini, Esteri alimwomba amfungulie ukurasa wa Havyarimana. Hakujua kusoma. Alikaa kwenye kigoda, akaitazama picha, akauliza kama kuna aliyeandika. Hakuna, mama. Basi akafuta kioo kwa upindo wa kitenge, akaenda kuwasha moto.

Mwezi wa kumi mvua ilirudi. Na alasiri ya mvua ya kwanza, chini ya picha ya Havyarimana, palikuwa na ujumbe.

*Mama, ndi hano.*

Mama, niko hapa. Reverien aliusoma kwa sauti. Esteri aliweka kiganja kifuani, akafumba macho, machozi yakashuka bila sauti. Reverien naye alijikuta anacheka peke yake. Harakaharaka akaandika: Uko wapi, mdogo wangu? Nipe namba ya simu.

Kisha akafanya ambalo fundi yeyote angefanya. Kila anayefungua tovuti huacha alama ya alikotokea, namba ya mtandao wake. Wa Burundi wana zao, wa Dar es Salaam wana zao. Reverien akaitafuta namba ya aliyeandika.

Ilikuwa namba ya ndani. Ruta huwagawia namba za aina ile waliomo ndani ya nyumba tu.

Aliitazama kwa muda mrefu. Nyumba ile ilikuwa na vitu viwili vilivyounganishwa, kompyuta na simu yake. Simu ilikuwa mfukoni mwake, na mchana kutwa alikuwa nayo kibandani. Esteri alikuwa na kisimu cha tochi kisichojua intaneti ni nini.

"Amesema yuko wapi?" mama aliuliza.

"Bado, mama."

Usiku ule alibadilisha neno la siri la mtandao. Alijiambia ni jirani anayeiba intaneti, kijana fulani mwenye utani mbaya. Siku ya pili mvua ilinyesha tena, na ujumbe ukaja. *Mama, nimelowa.* Namba ya ndani.

Akazima intaneti ya hewani kabisa. Ukabaki waya mmoja, mfupi kuliko mkono wa mtu, kati ya ruta na kompyuta. Hakuna simu wala mashine ingeweza kuingia humo. Alikaa kwenye kigoda cha mama yake akisikiliza mvua ikipiga bati. Alasiri. Mwanga bado upo. Kuku wamejikunyata chini ya uchaga. Feni ya kompyuta ikaongeza kasi, kama inavyofanya mgeni anapoingia.

*Kaka, mbona unakaa mahali pangu?*

Reverien aliinuka. Kigoda kilikuwa na unyevu. Suruali yake ilikuwa imelowa nyuma, na maji yale yalikuwa baridi, yakinuka matope ya mtoni.

Hakumsomea mama ujumbe ule.

Wiki iliyofuata alikuja mgeni. Aliitwa Stanislaus, mtu mrefu mkimya, aliyesafiri kutoka Kibondo baada ya kuiona picha ya Havyarimana kwenye simu ya mtu. Alikunywa chai mpaka ikaisha, akaomba nyingine, na chai ya pili hakuigusa.

"Mama, nisamehe," alisema hatimaye. "Mimi na Havya tulirudi pamoja. Mwezi wa pili. Mke wake alibaki kwa wazazi wake, yeye akasema hawezi, mama yake yuko Kasulu. Tulivuka Malagarasi mvua ikinyesha. Mto ulikuwa umejaa. Mimi nilifika."

Stanislaus alisogeza kikombe pembeni.

"Tulimkuta kesho yake, chini zaidi. Tulimzika pale pale na wavuvi. Njia nzima alikuwa anasema, nikifika nitalala chumba changu cha uani, nilale mpaka nichoke."

Mwezi wa pili. Reverien alihesabu kichwani ingawa hapakuwa na haja. Alipoibeba kompyuta ile kutoka kibandani, mdogo wake alishakuwa chini ya udongo.

Alimgeukia mama yake akidhani ataanguka. Esteri alikuwa ameketi wima, mikono magotini.

"Ninajua," alisema kwa upole. "Alikuja amelowa chapachapa. Nimekuwa nikimwanikia shati."

Stanislaus aliaga harakaharaka. Alipopita uani aliona shati jeupe kwenye kamba, linachuruzika, na siku ile ilikuwa na jua kali. Reverien naye aliliona. Hakulijua limetoka wapi.

Toka hapo Esteri alihamia chumba cha uani. Alibeba mkeka wake mwenyewe, akautandika chini ya meza ya kompyuta, karibu na feni. Reverien alipotoka kibandani alimsikia akiongea humo ndani, Kiha cha taratibu, cha mama anayembembeleza mtoto mwenye homa. Ananyamaza. Anasikiliza. Anajibu. Akiingia, anamkuta ametulia, anatabasamu, na ugali wake wa asubuhi haujaguswa.

"Kula kidogo, mama."

"Nitakula na mdogo wako."

Akakonda. Shingo yake ikawa nyembamba, mashavu yakaingia. Ila macho yalikuwa na furaha ambayo Reverien hakuiona tangu siku ya mabasi, na hiyo ndiyo iliyomshinda. Angewezaje kumnyang'anya? Alimwita mchungaji, wakasali. Alimpeleka hospitali, wakampima, hawakuona kitu. Njiani kurudi mama alimhimiza aharakishe, mawingu yanakusanyika, mtu atafika asikute mtu.

Bi Mwajabu, mwenye nyumba, alikuwa na duka la vitenge barabarani. Alikuja siku moja mchana, ushungi ameuvuta mpaka kidevuni, akamwita Reverien pembeni ya tangi la maji.

"Baba, mimi sina neno na wewe," alinong'ona. "Lakini mtaani wanasema umemfuga mtu kwenye mashine. Watoto hawapiti tena nyuma ya nyumba."

"Na wewe unasemaje, Bi Mwajabu?"

Alitazama mlango wa chumba cha uani.

"Jana nilipita kumjulia hali mama yako. Nilisikia watu wawili wanacheka." Akajikaza. "Mimi nimezika watoto, Reverien. Nisingezima. Ndiyo maana nakwambia uzime. Yule hamwiti mama yako kwa ubaya. Anamwita kwa sababu ni mamaye. Na mama ataitika."

Reverien aliwaza picha za wengine zilizomo humo, mamia ya nyuso zinazosubiri. Akizima, anawazimia na wao. Akaahirisha mpaka kesho. Kesho ikawa keshokutwa.

Kisha ikaja siku ya mvua kubwa ya mwezi wa kwanza. Alikuwa kibandani, saa za mchana, na ghafla moyo ukamsukuma. Aliacha simu ya mteja ikiwa imefunguliwa mezani, akakimbia.

Mlango wa chumba cha uani ulikuwa wazi. Esteri alipiga magoti mbele ya kompyuta. Mkono wake wa kulia alikuwa ameunyoosha mbele, vidole vimekunjwa, kama mtu aliyeshikana mkono na mwenzake. Mkono ule ulikuwa umelowa mpaka kwenye kiwiko. Maji yalidondoka sakafuni. Ngozi ya vidole ilikuwa nyeupe, imekunjamana, ya mtu aliyekaa mtoni kutwa.

Kwenye kioo kulikuwa na ukurasa wa Havyarimana. Ujumbe mmoja, umeandikwa tena na tena, unateremka wenyewe.

*Mama, njoo. Mama, njoo. Mama, njoo.*

"Mama."

Hakugeuka. "Anasema maji si mengi," alinong'ona. "Anasema nisiogope."

Reverien alimshika mabega. Yalikuwa ya baridi. Alimvuta, na akahisi kitu kikimvuta upande wa pili. Hakikuwa na nguvu sana. Kilikuwa na nguvu za kijana aliyechoka. Hilo ndilo alilokuja kulisema baadaye kwa watu wachache aliowaamini, kwamba aliujua mvuto ule. Walivutana hivyo utotoni, kila mmoja na mkono wake wa mama.

"Mwache, Havya," alisema. "Mdogo wangu, mwache."

Akanyoosha mguu, akaukanyaga waya wa umeme, akaung'oa.

Feni ilizunguka kidogo, ikasimama. Taa ya kijani ikazimika. Mvua ikaendelea kupiga bati.

Esteri aliutazama mkono wake mtupu. Akautazama mlango. Hakulia wala hakupiga kelele. Alimwangalia mwanawe mkubwa kwa mshangao, kama mtu asiyeamini jambo alilotendewa.

"Umemfungia nje," alisema. "Na mvua inanyesha."

Hakusema tena naye. Aliishi siku chache, amelala kwenye kitanda cha Reverien, uso ameuelekeza dirishani. Walimpa uji, ukamwagika pembeni ya mdomo. Akafa mchana mmoja mkavu, jua linawaka, wala hapakuwa na mawingu.

Kabla ya mazishi Reverien aliingia chumba cha uani na bisibisi. Aliifungua kompyuta, akaitoa diski, ile sehemu inayotunza picha zote na ujumbe wote, akaifunga kwenye leso na kuiweka ndani ya jeneza, chini ya mikono ya mama yake. Bi Mwajabu alimwona. Alivuta tu sanda ikafunika.

Baada ya arobaini akarudisha funguo za nyumba, akahamia Kibondo. Hakumuaga mtu. Alipata kijibanda karibu na stendi, akatengeneza simu, na hakuweka intaneti tena alipolala. Wale waliokuwa wakipiga kuulizia tovuti aliwaambia imeharibika. Wengine walimlaani, naye aliona ni haki yao.

Mwaka 2015 watu walianza tena kuvuka mpaka kutoka Burundi, vibunda kichwani, wengine wakipita njia zile zile walizorudishiwa. Mvua za mwisho zilikuwa zinakatika pale mwanamke mmoja aliposimama mbele ya kibanda cha Reverien. Alikuwa na kibuyu cha maziwa kilichofunikwa kwa jani la mgomba, na mtoto wa kike wa miaka kama mitano aliyemshika sketi.

"Wewe ndiye Reverien wa Uko Wapi?"

Alidhani ni malalamiko. Akaweka bisibisi chini. "Ndiye. Nisamehe, dada. Ile tovuti nili..."

"Naitwa Maximilla," yule mama alimkata, sauti ikitetemeka. "Huyu ni mwanangu. Tulipoteana Mtabila siku ya mabasi, hata kuongea vizuri alikuwa hajaanza. Picha yake nilikutumia kutoka Makamba. Nimekuja kushukuru."

Reverien alimtazama mtoto. Alimkumbuka. Gauni la njano, kidole mdomoni.

"Umempataje?"

"Si yule bibi wenu anayejibu? Nilipovuka mwezi uliopita, niliazima simu ya mtu nikafungua ukurasa wa mwanangu. Kukawa na ujumbe. Kiha kizuri cha watu wazima. Akaniambia mtoto yuko Kitanga kwa wakulima wa mihogo, nyuma ya kanisa, wamemlea vizuri, nisiwagombeze. Nilikwenda. Nikamkuta."

Kelele za stendi zilikuwepo, makondakta wakiita abiria, lakini Reverien alizisikia kwa mbali.

"Mwezi uliopita," alisema.

"Ndiyo. Nikamuuliza niwashukuru wapi. Akasema mwanawe anatengeneza simu Kibondo, karibu na stendi. Akasema pia nikukute nikuambie..." Maximilla alijaribu kukumbuka maneno yenyewe. "Nikuambie kwamba walishaingia ndani. Kwamba hawako mvuani. Sikuelewa, lakini ndivyo alivyosema."

Reverien aligeuza uso ukutani. Mabega yake yalitikisika, na yule mama, asijue la kufanya, akamwekea mkono mgongoni kama anavyowekewa mfiwa.

Aliwakaribisha chumbani kwake nyuma ya kibanda, wakakaa kidogo. Maximilla aliomba kumsalimia bibi. Reverien akasema hayupo. Basi akamwachia kibuyu mezani, akasema kimefungwa hivyo hivyo, asikiguse mwingine, ni cha bibi. Reverien aliwasindikiza mpaka kwenye gari, akanunua mkate akampa mtoto, akasimama pale hadi gari likapotelea kwenye kona.

Aliporudi alifungua kufuli la chumba mwenyewe. Reverien aliishi peke yake na alikuwa na kikombe kimoja tu, cha bati, kilichoning'inia kwenye msumari.

Jani la mgomba lilikuwa limekunjwa vizuri pembeni ya kibuyu. Kibuyu kilikuwa kitupu. Na juu ya meza palikuwa na vikombe viwili vya udongo ambavyo hakuwahi kuviona, vimeoshwa na kufunikwa kifudifudi, bado vinachuruzika maji.